Lozi Moja kwa Darasa Zima

Mimi sijui kukaa. Hata sasa ninapoandika haya nimeshanyanyuka mara tatu, mara kuchungulia birika, mara kufunga dirisha ambalo kumbe lilikuwa limefungwa. Kwa hivyo wiki ya Norwei, katika skuli ya msingi aliyosoma binti yangu kule Lewisham, ilinitesa mimi kuliko mtoto yeyote.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nikisafisha maofisi mjini kati. Nikitoka nyumbani saa kumi za alfajiri binti yangu amelala, na jirani yetu, bibi mmoja wa Kipemba, ndiye aliyekuwa akimwamsha, akimsuka nywele na kumpeleka skuli. Tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na yeye, na asubuhi sikuwahi kumwona akifumbua macho. Alikuwa na miaka minane.

Basi msaidizi wa darasa lao akaenda kujifungua. Mwalimu mkuu, mama mrefu asiyecheka ovyo, akaniambia nishike nafasi hiyo kwa wiki moja. Ijumaa angekuja mwenyewe darasani kuniangalia, kisha aamue. Nikachukua likizo yangu yote ya mwaka ofisini. Nikiipata kazi ile, nitamwamsha mwanangu kwa mkono wangu na tutatoka mlango mmoja. Sikutaka kingine chochote.

Binti yangu alinipa masharti yake kwenye basi, siku ya Jumatatu.

"Skuli ntakwita Miss," alisema kwa Kiingereza. Kiswahili alikifahamu chote, lakini kukisema hakutaka. "Na usiniite jina la nyumbani. Please, Mama."

"Sawa, bibi mkubwa," nikamwambia. "Na salamu je, nikuamkie au uniamkie?"

Hakucheka.

Mwalimu wa darasa alikuwa msichana mwenye mashavu mekundu, mamake Mnorwei, na wiki ile aliitengeneza kwa mapenzi ya mamake. Watoto hawakusomeshwa Norwei kitabuni, waliifanya kwa mikono. Jumatatu walikata bendera. Jumanne walisuka vikapu vya karatasi: unachukua karatasi nyekundu na nyeupe, unazikata vipande vipande, kisha unapitisha kimoja ndani ya kingine mpaka unapata kikapu chenye umbo la moyo, cha kutundika kwenye mti wa Krismasi. Mimi niliyekulia kwenye ukili na mikeka, vidole viliniwasha. Mtoto akikwama, namnyang'anya, namalizia, narudisha. Kufika saa tano nilikuwa nimeshasuka vikapu kumi na viwili.

"Waache wafanye wenyewe," mwalimu aliniambia taratibu. "Hata wakikosea."

Niliona haya. Nikakalia mikono yangu, kweli kabisa, nikaiweka chini ya mapaja, na ilipofika Jumatano nikaanza tena. Binti yangu alikuwa akinitazama kutoka meza ya nyuma, na kila nikinyanyuka aliinamisha kichwa.

Alhamisi jioni mwalimu akanieleza habari ya uji. Kwao Krismasi hupikwa uji mzito wa mchele na maziwa, juu mdalasini, sukari na siagi. Nikamwambia uji huo mimi naupika nimefumba macho. Akafurahi. Kisha akatoa kijikaratasi, ndani yake mna lozi moja imemenywa, akaniambia niitie kwenye sufuria. Akaendelea kusema, lakini mimi niliona mikasi imeachwa chini na nikawa nishaiendea. Niliporudi alikuwa keshamaliza, nami nikatikisa kichwa kwamba nimesikia.

Lozi moja! Njia nzima nilikuwa nikiwaza hiyo lozi. Watoto thelathini na mmoja, lozi moja. Miaka ile ya foleni Unguja, baada ya Mapinduzi, mchele kwa kadi na sukari kwa bahati, mama yangu akipata yai moja alilikoroga kwenye mchuzi ili kila mtoto, wetu na wa jirani, angalau asikie harufu. Kumpa mtoto mmoja mbele ya wenzake kwetu ilikuwa fedheha. Nikajisemea, maskini, msichana wa watu hana uwezo, au skuli imembania, na kesho mwalimu mkuu anakuja. Nitamsitiri. Nikapita sokoni nikanunua paketi, nikazimenya usiku kucha, maana kulala sikulala.

Ijumaa, jikoni mwa skuli, nilipanga bakuli. Kila bakuli lozi moja chini, uji juu. Nilipofika mwisho lozi zikaisha: zilikuwa thelathini pamoja na ile ya mwalimu. Bakuli moja likabaki tupu, na wala sikufikiri. Wa kwako ndiye anayekosa, ndivyo tulivyolelewa. Nikalitia uji mtupu, nikaliweka kando, nikampelekea binti yangu.

Mwalimu mkuu alikuwa ameketi karibu na dirisha, daftari magotini. Mwalimu akasimama mbele ya watoto, mkononi ana samaki wa chokoleti aliyefungwa utepe. Kwao zawadi hiyo huwa nguruwe wa lozi na sukari, lakini kwa kutustahi sisi Waislamu alinunua samaki.

"Mnakumbuka mchezo?" aliwauliza. "Ndani ya uji mna lozi moja tu. Atakayeipata aifiche shavuni, asiseme, mpaka wote wamalize. Huyo ndiye mshindi."

Kumbe hayo ndiyo niliyoyakosa nilipoiendea mikasi. Nilitaka kukimbia nikayazoe yale mabakuli yote. Watoto walikuwa wameshainua vijiko. Nikasogeza kiti, nikakirudisha, nikapangusa meza isiyo na uchafu.

Mvulana wa meza ya mbele hakuweza kuificha. "Ninayo!" Msichana wa pembeni yake akafungua mdomo: naye anayo. Halafu darasa zima likapiga kelele, lozi zimeshikwa juu, wengine wanalia kwamba ya kwao ndiyo ya kweli. Mwalimu akanigeukia. Mashavu yalikuwa yamezidi kuwa mekundu.

"Nani hana?" aliuliza, nadhani kwa kutapatapa tu.

Mkono mmoja ukanyanyuka, meza ya nyuma.

"Basi mshindi ni yeye," akasema, akijaribu kucheka, na akampelekea samaki.

Hapo ndipo mvulana yule wa mbele aliponyoosha kidole. "Mamake ndiye aliyepakua! Wamefanya makusudi!"

Mwalimu mkuu alifunga daftari. Nilifungua mdomo na Kiingereza cha miaka yote ile kikanikimbia.

Binti yangu akasimama. Samaki hakumgusa.

"Hakufanya kwa ajili yangu," alisema. "Mama hafanyi hivyo. Mimi ni wa mwisho siku zote. Wageni kwanza, watoto wa watu kwanza, halafu mimi kama kimebaki."

Aliniita Mama, mbele ya wote. Alikuwa ananitetea, na kila neno lilinichoma. Nilitaka kumwambia kwamba wiki nzima hii, likizo yangu yote, ni yake. Lakini bakuli lake lilikuwa mezani, nami ndiye niliyelipakua.

Mwalimu alimkata samaki vipande, kila mtoto akapata. Binti yangu alikataa chake.

Mwalimu mkuu aliniita ukumbini. Nikamweleza yote: foleni, yai, lozi zilivyopungua. Alinisikiliza bila kupepesa. "Njoo Jumatatu, saa mbili na nusu," alisema mwishowe. "Na siku nyingine ukielezwa jambo, usikilize mpaka mwisho." Nilimshukuru nikatoka, na furaha niliyoingojea wiki nzima sikuiona ilipo.

Jumatatu nilimwamsha mwenyewe. Alifumbua macho, akaniangalia kama mgeni, akayafumba tena. Nilipika uji uleule. Nikampakulia yeye kwanza, kabla sijajipakulia mimi, nikakaa mbele yake na mikono chini ya mapaja.

Alikoroga na kijiko mpaka chini, taratibu, anatafuta. Kisha kijiko kikasimama. Shavu moja likatuna kidogo, akaendelea kula, macho mezani, nami nikala wangu, bila kunyanyuka hata mara moja. Alingoja mpaka bakuli langu likawa tupu. Ndipo akafungua mdomo akanionesha.