Nilijifunza kutengeneza feni ya kompyuta ya mume wangu kwa sababu ya wivu

Wakuu, heshima zenu wote mlioko humu.

Najua jukwaa hili ni la kompyuta na simu, na mods wanaweza kuuhamishia uzi huu kule kwa mapenzi wakiona inafaa. Mimi naomba ubaki hapa, maana humu ndimo nilimojifunzia kufungua mashine. Nitakayosimulia yamenitokea mimi mwenyewe, chumvi sijaweka.

Mimi ni mwanamke, niko Tabora mjini, na nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asije kunigundulia kwenye comment.

Mume wangu ana stationery pale Kanyenye. Anatoa copy, anapiga picha za passport, anawajazia watu fomu za mtandaoni. Kazi yote inategemea desktop moja ya zamani, ile ya CPU kubwa ya kusimama, aliinunua mtumba kabla hatujaoana.

Chumba kimegawanywa kwa plywood. Upande wa pili yuko Mama Zuwena, fundi cherehani. Huyu ni shoga yangu na ndiye macho yangu pale. Mume wangu akicheka na mteja wa kike kupita kiasi, kabla ya chakula cha mchana mimi huku nyumbani Ng'ambo nimeshapata taarifa.

Kuna jambo lazima mlijue, bila hilo hamtanielewa.

Tuko kwenye ndoa miaka kumi na kitu na hatujapata mtoto. Kwao Sikonge maneno yalipoanza, mume wangu aliwaweka chini ndugu zake akawaambia tatizo ni lake, mke wake asiguswe. Tangu siku ile hakuna aliyenisumbua. Mawifi wananiletea asali na karanga, wananihurumia kwa uvumilivu wangu, nami natembea kichwa juu.

Hospitali hakutaka kwenda. Nikaona sina sababu ya kumlazimisha mtu akapimwe kitu alichokwisha kukikiri mwenyewe.

Mtasema mume wa hivyo anaonewa wivu wa nini? Sasa mimi nilikuwa nawaza hivi: siku akitaka kujihakikishia kwa mwanamke mwingine, na huyo mwanamke akabeba mimba, mimi nitakuwa nani? Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha.

Haya, turudi kwenye mashine.

Mwaka huu joto lilipoanza, feni ya ile CPU ikaanza kuunguruma. Ukiiwasha tu inapiga vuuuu kama mashine ya kusaga, kutwa nzima haipumziki. Mteja akitaka kueleza shida yake inabidi apaze sauti.

Mara simu zangu zikawa hazipokelewi. Napiga alasiri, inaita mpaka inakata. Jioni akirudi namuuliza.

"Sikuisikia, Rahel. Si unaijua ile feni."

Kesho yake feni. Keshokutwa feni. Yaani kila kosa likawa la feni.

Nikamtuma Mama Zuwena afuatilie. Jibu lake lilinitia homa.

"Shoga, kila alasiri anaongea na simu, tena anaongea kwa upole kweli kweli. Ila lile dude linameza maneno yote. Nimeweka sikio kwenye plywood mpaka limeuma, nasikia vuuu tu."

Kwa hiyo simu ya mtu fulani anaisikia. Yangu ndiyo inayozibwa na feni!

Siku hiyo hiyo nikaenda dukani ghafla, nikajifanya nimepita tu kununua bahasha. Nikakuta CPU imefunikwa kitambaa cha kufuma, kipya, uzi mwekundu na wa njano, maua maua.

Akina mama wa humu mnanielewa. Kitambaa cha kufuma hakijifumi, kina mikono iliyokifuma. Na mikono hiyo haikuwa yangu.

Nikamuuliza. Akasema ni zawadi ya mteja, cha kuzuia vumbi.

Nikakishika, nikakichunguza. Wakuu, kilikuwa kimefumwa vibaya. Upande mmoja nyuzi zimekazwa mpaka kitambaa kimejikunja, upande mwingine zimelegea kidole kinapita. Ukingo haukufungwa sawasawa, uzi umeachwa unaning'inia.

Niliumia mara mbili. Kumbe nimezidiwa na mtu asiyejua hata kufunga ukingo! Mimi vitambaa vyangu vimewekwa mpaka kwenye meza ya kanisani.

Nikapiga hesabu zangu. Nikigombana naye bila ushahidi atanishinda kwa maneno. Nikikiondoa kitambaa atajua nimemshtukia. Lakini nikiinyamazisha feni, uongo hautakuwa na pa kujificha na Mama Zuwena atasikia kila kitu.

Ndipo nikaingia humu kusoma. Sikuwa hata na akaunti. Nilisoma nyuzi za feni mpaka nikawa naziota. Kuna wengine mlikuwa mkitukanana kuhusu aina za paste ya kupoozea processor, mimi naandika pembeni kama mwanafunzi.

Nafasi ikapatikana. Mume wangu akaaga kwamba anakwenda Nzega kufuata rim za karatasi kwa bei nafuu. Tangu lini mtu akatoka Tabora mjini kufuata karatasi Nzega? Nikamwitikia safari njema, nikachukua ufunguo wa akiba, nikaenda dukani.

Nilifanya kama mlivyoelekeza. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Nikafungua ubavu wa CPU.

Vumbi la Tabora mnalijua. Mle ndani lilikuwa limeshikana kama blanketi. Nikapangusa kwa brashi ya rangi iliyokuwa mpya, halafu nikapuliza kwa pampu ya baiskeli huku kidole kikizuia feni isizunguke, kama mlivyoonya. Mama Zuwena akaja kushika tochi, akapiga chafya hadi ushungi ukamvuka.

Nikafungua skrubu za kile chuma kinachokaa juu ya processor. Paste ilikuwa imekauka, inabanduka kama rangi ya ukuta. Nikasafisha kwa pamba na spiriti, nikaweka paste mpya kiasi cha punje ya choroko, nikarudisha kila kitu mahali pake.

Nikawasha huku namwomba Mungu.

Vuuuuuu.

Kelele ile ile, haijapungua hata kidogo. Nilikaa sakafuni nikalia. Mama Zuwena alidhani nimepigwa shoti.

Hapo ndipo nilipofungua akaunti na kuuliza swali langu la kwanza humu, labda wengine mnalikumbuka. Mkuu mmoja alinijibu haraka, Mungu ambariki. Alisema kama pako safi na haipati joto, niiwashe upya, niingie BIOS, ile sehemu ya mipangilio ya ndani ya mashine, kabla Windows haijafunguka, nitafute sehemu ya feni nione imewekwaje.

Nikaingia. Nikatafuta. Nikakuta imeandikwa FULL, yaani izunguke kwa nguvu zote muda wote.

Nikarudi kumuuliza yule mkuu, hii hujibadilisha yenyewe? Akajibu kwa kifupi tu: hapana dada, hiyo imebadilishwa na mtu.

Nikakaa nikayatazama yale maandishi. Mashine haikuwa mbovu. Mume wangu alikuwa ameiongeza feni kwa mkono wake ili aongee na mtu na plywood isisikie.

Nikaweka AUTO, ijipangie yenyewe kulingana na joto, nika-save. Mashine ikawaka, feni ikavuma kidogo halafu ikatulia. Nilisikia mpaka kuku wa jirani wakiparura nje.

Jioni nikarudi zangu nyumbani. Mume wangu akafika, nikampokea vizuri, sikumwambia kitu.

Asubuhi Mama Zuwena akanipigia. Kasema mume wangu alipowasha mashine alisimama akiitazama. Mtu ambaye kwa muda wote ule analalamikia feni, siku imenyamaza hakufurahi. Baada ya siku chache vuuu ikarudi.

Sikubishana. Alipokwenda kibanda cha jirani kunywa chai nikaingia, nikaweka AUTO tena, na safari hii nikaifungia BIOS kwa password.

Najua wajuzi mtasema angetoa ile betri ndogo password ikafutika. Yeye hajui, na naombeni asijue kupitia kwenu.

Na utamu wake ni huu: asingeweza kuniuliza. Angeniuliza password ya kitu gani, na yeye alikuwa anafuata nini huko? Tukaishi siku kadhaa tukitazamana mezani kama watu wanaocheza bao. Ananiuliza chumvi iko wapi, namjibu.

Alasiri moja nikaenda kwa Mama Zuwena kwa kisingizio cha kupimwa gauni. Nikakaa kwenye kigoda karibu na plywood. Mama Zuwena anakanyaga cherehani polepole.

Simu ya mume wangu ikaita. Akaiacha iite kidogo, nadhani alikuwa akiwaza. Kisha akapokea.

"Marahaba, mwanangu."

Mama Zuwena akaacha kukanyaga.

"Kinakaa vizuri sana. Kila mteja anaulizia kilifumwa na nani... Eeh, cha pili ukifume taratibu, usikaze sana upande mmoja."

Akamsikiliza.

"Bado sijamwambia, Kabula. Si kwamba hakutaki, hakujui. Nitamwambia, nivumilie baba yako."

Hapo Mama Zuwena, ambaye hata redio haimtangulii kwa habari, alianza kukanyaga cherehani kwa nguvu zake zote. Hakukuwa na nguo chini ya sindano. Alikuwa anaifunika ile sauti ili nisisikie zaidi, na yeye asisikie.

Wakuu, nilitamani iwe hawara. Hawara ningejua la kumfanya. Mtoto wa watu aliyejifunza kufuma ili ampelekee baba yake zawadi, unamfanya nini?

Nikainuka, nikazunguka, nikaingia dukani. Mume wangu akaniona usoni akaelewa. Akageuza kibao cha mlangoni ili wateja wasiingie.

Akanieleza yote. Kabla hatujajuana alikuwa akinunua karanga huko Puge, Nzega, akazaa na binti wa kule. Yule mama baadaye akaolewa kwingine, mtoto akabaki kwa bibi yake. Mume wangu amekuwa akimpelekea mahitaji kimyakimya. Mwaka huu mtoto ameanza sekondari, bibi akamruhusu simu, basi kila akitoka shule anampigia baba yake. Feni nayo fundi mmoja aliiweka FULL zamani mashine ilipokuwa ikijizima kwa joto, mume wangu akaona ilivyofanyika, na mwaka huu akaifanya mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini alinificha miaka yote hiyo. Si ningekubali? Mtoto wa kabla yangu ni dhambi gani?

Akasema, "Rahel, mimi niliwaambia nyumbani tatizo ni langu. Kabula akijulikana leo, kesho Sikonge wamejua. Na keshokutwa watakuja kwako."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kupigia passport.

Miaka yote nimekuwa nikiogopa mwanamke atakayemzalia mume wangu, kumbe mtoto alishazaliwa zamani, na mume wangu amelikalia jibu hilo ili lisiniangukie. Ile huruma ya mawifi, ile asali, kile kichwa juu, vyote alikuwa akivilipia yeye kwa kuitwa mgumba kwao wakati ana mtoto anayefanana naye.

Picha nimeiona. Anafanana naye mpaka meno.

Sasa msitarajie niseme wivu umeisha. Umehama tu. Namwonea wivu yule mama wa Puge ambaye hata hanijui. Ameolewa kwingine, ana maisha yake, na bado ana kitu cha mume wangu ambacho mimi sina. Nawaonea wivu hata wale waliomfundisha Kabula kufuma, ingawa hawakumfundisha vizuri. Nikikaa peke yangu roho inaniuma mpaka naweka sufuria jikoni bila maji.

Lakini mume wangu alitaka tuendelee kuficha. Akasema tumeshazoea, mtoto ataelewa. Hapo nikakataa. Mtoto azungumze na baba yake kwenye kelele ili mimi nisisemwe kanisani? Hapana. Nimemwambia amlete likizo hii. Jumapili nitaingia naye kwa mlango mkubwa, nitakaa naye benchi la mbele, na mawifi wakitaka kupiga hesabu tatizo ni la nani, wapige.

Mume wangu aliinuka. Akatoka nje, akarudi macho mekundu akasingizia vumbi.

Nilichojifunza, kwanza kwa upande wa fundi: feni ya mashine kuukuu ikipiga kelele anza na vumbi, usifunike matundu kwa vitambaa, badili paste. Ikigoma, nenda BIOS kabla hujanunua feni mpya. Nusu ya watu wanatupa hela bure.

Kwa upande mwingine, nilidhani wivu wangu unatafuta ukweli. Ukweli ulipokuja nilikuta ni mzito kuliko wivu, na umekuwa ukibebwa na mtu mmoja.

Kabula atafika wiki ijayo kwa basi la Nzega. Nimeshafua mashuka ya chumba cha wageni mara mbili.

Wakosoaji karibuni, watani karibuni, mwenye swali la BIOS nitamjibu ninavyojua. Ila wale mliolea mtoto wa mume ambao nyie wenyewe hamkujaliwa, nawasubiri ninyi zaidi. Mume wangu ameniuliza, nimeshindwa kumjibu: Kabula akishuka kwenye basi, aambiwe aniite nani?