N Moja Ni ya Wanaoanza

Dada ninayemsema hapa ni mtoto wa mama mkubwa, wa Msimbati. Alikuja kukaa kwetu Chuno, Mtwara mjini, baada ya kumaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hatuyataji mbele ya wageni. Mchana alisaidia kwenye zahanati ya jirani, kufua mashuka na kugeuza wagonjwa wasioweza kujigeuza. Jioni alijifunza Kijapani kwenye simu. Msimcheke. Kazi ya kumcheka nilipewa mimi, na niliifanya kwa bidii kuliko hesabu.

Dada hana r. Habari kwake ni habali, baridi ni balidi, na siku ya uchaguzi alisimama sebuleni amevaa vizuri akatangaza kwamba anakwenda kupiga kula. Nilimfuata wiki nzima na sahani ya wali nikimuuliza kama huu ni wa kupiga au wa kutumbukiza kwenye sanduku. Siku moja akatoka chumbani uso unang'aa.

"Dogo, kumbe Wajapani nao hawatofautishi! Kwao ni helufi moja tu."

"Basi wewe ni wao," nikamwambia. "Walikuja kuvua, wakakusahau Msimbati."

Mama alinirushia kandambili. Dada alicheka. Alikuwa na ubaya huo, wa kucheka hata akichekwa yeye, kwa hiyo mtu unaongeza tu.

Sasa, Dar kulikuwa na wakala anayekusanya vijana wa kwenda Japani kuhudumia wazee. Dada kugeuza wagonjwa anajua, kwa hiyo kilichobaki ni cheti cha lugha, na kifike kabla ya Machi kuisha, kundi likifungwa limefungwa. Wakala alimwambia mitihani iko mingi, achague ule unaofaa kwa kazi, asome mwenyewe mtandaoni. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Dada na Kiingereza waliachana siku ya matokeo, basi akanijia mimi.

Nilisoma na nikaelewa kila kitu, jambo ambalo mwalimu wangu wa Kiingereza hatalisadiki. Kulikuwa na mtihani wa kompyuta, umetengenezwa hasa kwa wanaotaka kazi, ila vituo tulivyoviona vyote viko Asia, na cha karibu kabisa ni India. Huo nikamsomea bila hila. Ukabaki ule mkubwa, wa Desemba, unaofanyika Nairobi mara moja kwa mwaka. Una ngazi tano, kila moja na herufi N na namba yake. N5 ni ya mtu anayejua kusalimia na kuuliza choo kiko wapi. N4 ni ya maisha ya kila siku, na ndiyo iliyokuwa yake. Kwa madaftari sita aliyokuwa ameyajaza angeipata. N1 ni ya watu wanaosoma magazeti ya kule na kubishana na wahariri.

"Sasa katika hizo namba," akauliza, "ya chini ni ipi?"

Wiki ile ile alikuwa amempelekea baba ripoti yangu ya shule niliyoificha chini ya godoro. Mgongo ulikuwa bado unaikumbuka.

"Moja," nikasema.

"Moja ndiyo ya kuanzia?"

"Kwani wewe shule ulianza darasa la ngapi?"

Baba alikuwa pale anasoma gazeti. Yeye ni mtu wa bara, aliletwa Mtwara na kazi ya bandari, na huwa anapenda jambo likipangika. "Hiyo ina mantiki," akasema. "Huwezi kuanza la tano."

Mama akainua kichwa kutoka kwenye mchele. "Lakini divisheni wani si ndiyo ya juu?"

Baba akakunja gazeti. "Divisheni ni matokeo, mama. Hii ni ngazi. Ngazi unaipanda kuanzia kipandio cha kwanza. Umeona wapi mtu anaanzia cha tano?"

Hakuna aliyewahi kuona. Uongo wangu ukawa umethibitishwa na mkuu wa kaya. Nikamjazia dada fomu, jina, tarehe ya kuzaliwa, ngazi N1, na nikambonyezea kitufe cha kutuma.

Nilikusudia kumwambia Ijumaa, tucheke, turekebishe. Ila Alhamisi nilimsimulia jamaa yangu wa dawati moja, na mpaka mapumziko darasa zima linajua. Vijana wakawa wakikutana na dada njiani wanamwamkia, "Shikamoo, profesa!" Yeye akidhani wanamheshimu, anasimama katikati ya barabara, ndoo ya mashuka mkononi, anawainamia Kijapani. Niambieni ni mtu gani wa miaka kumi na sita angeuharibu mchezo kama ule. Ijumaa ikapita. Ikapita na nyingine. Mama mkubwa akatuma ada na nauli kutoka kwenye korosho zake, zahanati wakamwombea dua, na kila aliyemwombea alizidi kunifunga mdomo.

Mara moja tu alikaribia kugundua. Alikuja na simu, sauti ya chini.

"Dogo, mbona maswali ya N moja siyaelewi hata moja?"

"Hayo ya mtandaoni wanayafanya magumu makusudi," nikamwambia, "ili mnunue vitabu vyao."

"Alaa," akasema, akarudi kwenye daftari lake la saba.

Akaenda Nairobi kwa basi. Akarudi kwa basi, miguu imevimba, akasema mtihani ulikuwa mzuri, akalala. Kesho yake akaenda kufua mashuka. Sikumwona amebadilika, zaidi ya kwamba niliporudia habari ya kupiga kula hakucheka. Nikadhani uchovu.

Mwisho wa Januari matokeo yakatoka. Mama mkubwa alikuja kutoka Msimbati na ndoo ya samaki wa kukaanga na kanga mpya. Dada akatukalisha wote sebuleni. Akanipa simu mbele ya watu.

"Dogo, tusomee. Wewe ndiye mwenye Kiingeleza."

Nilimshukuru Mungu. Nikapanga niseme alama zilipungua kidogo tu, kila mtu hukosa, yaishe.

"Anzia juu," akasema. "Hapo pa ngazi."

"N moja."

"Chini yake wameeleza N moja ni nini. Tafsili."

"Maelezo ni marefu, dada."

"Tuna muda. Mama amekuja kulala."

Nikamtazama, naye akanitazama, na ndipo nikaelewa kwamba anajua, na kwamba amejua tangu Nairobi. Mlangoni mwa chumba cha mtihani, akasimulia pale pale, kijana mmoja anayetembeza watalii alimuuliza amesoma miaka mingapi. Akajibu mmoja na nusu. Yule kijana alimhurumia, akamweleza. "Nikaingia hivyo hivyo," dada akasema. "Nikakaa mpaka mwisho. Nilitambua 'mtu', 'mlima' na 'maji'. Haya, tafsili."

Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri kuliko nilivyowahi kutafsiri kitu chochote, kwa sababu kila nilipotaka kuruka neno aliliwekea kidole. Nilipomaliza ya kwanza akataka ya nne. Nikaisoma ya nne.

Baba akavua miwani. "Ngoja. Kwa hiyo moja ndiyo ya juu?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Mama akafungua mdomo. Dada akamshika goti. "Usimjibie, mama mdogo."

"Nilikuwa najua," nikasema.

Mama mkubwa alikuwa akitufuata kwa macho, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesubiri chenji. "Mimi hamjaniambia," akasema. "Amefaulu?"

"Mwambie," dada akaniambia.

"Hajafaulu, mama mkubwa."

"Kwa nini, naye amesoma?"

"Nilimwandikisha mtihani usio wake. Nilijua si wake. Kundi la wakala linafungwa Machi, na mtihani mwingine ni Desemba."

Mama mkubwa akanitazama, halafu akaanza kucheka. Alicheka kwa mwili wote, akajifuta macho na pindo la kanga mpya. "Mtoto huyu na masihara yake!" akamwambia mama. "Ananitania mpaka mimi, shangazi zake hawamtoshi! Haya, sema basi, dada yako anaondoka lini?"

Hakuna aliyecheka naye. Baba alikuwa anaangalia sakafu. Nilitafuta uso wa kusema jambo la kweli, nikagundua sina mwingine ila huu, na huu yeye anaujua ni wa masihara tu.

"Mwambie tena," dada akasema. "Talatibu."

Nikamwambia tena. Akazidi kucheka, lakini kidogo, akimtazama binti yake ili wacheke pamoja.

"Tena," dada akasema.