Nusu Mzunguko wa Bisibisi

Laiti ningekataa kupandisha sailensi. Ndivyo sisi mafundi tunavyouita mngurumo wa injini ikiachwa bila kuguswa. Mdogo wangu alitaka niupandishe ili msumeno wake wa petroli usizime kila akiachilia mkono. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha ufundi mtaa wa Sarang'ombe.

"Omera, pandisha tu," aliniambia; omera ni ndugu kwa lugha ya kwetu. "Mwenye ploti kule Kawangware ananipigia tangu asubuhi. Mti umeegemea mabati, na amesema nikichelewa ataita mwingine."

"Wacha kwanza nifungue kabureta."

"Ukifungua utalala nayo. Wewe na bisibisi ni kama mtu na bibi mpya."

Fundi viatu wa kibanda cha pili akacheka. Mimi pia nikacheka.

Msumeno ukizima hivyo una sababu. Mara nyingi chujio la hewa limejaa unga wa mbao, au plagi imeshika masizi. Nilipigapiga chujio kwenye goti, nikaisugua plagi. Bado ukazima. Nilishuku paipu ndogo ya petroli iliyo ndani ya tangi. Ikipasuka, injini huvuta hewa: ikiwa baridi huzima, ikipata joto hukimbia yenyewe. Kuibadilisha ni kazi ya saa moja. Sikuibadilisha. Nilizungusha skrubu ya sailensi nusu mzunguko, injini ikakubali.

Kabla ya kumrudishia mtu msumeno, unauweka chini, unauacha ungurume, unaangalia cheni. Cheni lazima isimame kabisa. Nimewafundisha wengi jambo hilo. Siku ile cheni ilikuwa ikijikokota, jino baada ya jino. Niliiona.

"Ukitoka tawi moja kwenda lingine, funga breki ya cheni," nikamwambia.

"Sawa, daktari."

Akaufunga kwenye boda akaenda.

Aliyenipigia simu mchana ni mwenye ploti mwenyewe, mama mtu mzima. Aliongea taratibu, nami nikamsikiliza huku nikipanga spana kwenye boksi, kubwa kwa ndogo. Matawi yote yalikuwa yameshakatwa. Mdogo wangu alikuwa akishuka ngazi, ameachilia mkono, ameuteremsha msumeno kando ya paja kama alivyozoea. Breki hakufunga, cheni ikamshika mguu. Miaka yote niliyomtengenezea msumeno ule, cheni ilikuwa ikisimama.

Siku ya tatu nilimkuta wodini, mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti. Hakulalamika. Aliniuliza jambo moja.

"Omera, ulipoiangalia, cheni ilikuwa imesimama?"

"Ilikuwa imesimama."

Akatazama dari. "Basi ni mimi."

Aliyasema hayo kwa miaka miwili. Hata kanisani, alipoombwa atoe ushuhuda, alisimama na magongo yake akawaambia watu kwamba alizembea. Nilikuwa kwenye benchi la tatu. Nilisema amina pamoja na wengine.

Kisha akauza msumeno kwa fundi mmoja wa mtaa wa Makina. Yule fundi hakuwa na haraka. Aliufungua mbele yake. Akamwonyesha paipu iliyopasuka, na skrubu ilipofikia. "Nani alikupandishia hii?" akamuuliza. "Cheni hapa ilikuwa inatembea tu."

Mdogo wangu alikuja kibandani siku hiyohiyo, kwa magongo, tope limemrukia hadi kiunoni. Nilimpa stuli. Hakuketi.

"Uliiona," akasema.

"Niliiona."

Alingoja kidogo, kama mtu anayengoja chenji, kisha akaondoka. Sikumfuata. Nilikuwa na pampu ya maji ya mtu mezani, nikaendelea nayo mpaka ikawaka.

Mdogo wangu hana mguu wa kushoto. Anaishi kwetu kijijini, upande wa ziwa, na simu zangu hashiki. Tulipomzika mama yetu alisimama ng'ambo ya kaburi, na watoto wake hawakuambiwa kwamba mimi ni baba yao mkubwa. Sina ndugu mwingine.