Diski Iliyoruka Foleni

Rune Hallqvist, fundi bomba mstaafu wa hapa Gävle, Uswidi, ametunza orodha ya zamu za chumba cha kufulia cha jengo letu kwa miaka kumi na tisa. Humu watu husamehe talaka, lakini si zamu ya kufua iliyoibwa. Jumanne alifunga diski mpya kwenye kompyuta yake. Alipoiwasha, kioo kikabaki cheusi, na maneno kwamba kompyuta haioni pa kuanzia. Zamu za nyumba arobaini zilikuwa mle.

"Nimeziua, Solveig," alimwambia jirani wa ghorofa ya pili. "Kesho watapigana kwa mabeseni."

Solveig akachungulia ndani ya kasha la kompyuta. "Hii mpya umeichomeka tundu la kwanza?"

"Si ndiyo nzuri?"

"Nzuri, ila tupu. Kompyuta inamuuliza aliye mbele, naye hajui kitu. Ya zamani, yenye kila kitu, umeisukuma nyuma. Hii mpya umeirusha foleni, jirani."

Uso ukamwiva kwa aibu Rune, ambaye aliwahi kumshtaki mchungaji kwa kuruka foleni ya mkate. Akabadilisha nyaya, akawasha. Orodha ikafunguka, nzima.

Akashusha pumzi ndefu, akaigusa diski mpya kwa kidole. "Subiri zamu yako," akaiambia, kisha akaenda kuchemsha kahawa.