Upande Uliolainika wa Jiwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jumba la makumbusho hapa Landani, nilipewa brashi mbili za manyoya laini, glovu na onyo. Msimamizi wa usafi, mama wa Kikongo aliyekuwa na haraka hata akiwa amekaa, alinionyesha jiwe refu kunipita, lililosimikwa na watu wa kale kabla huku hakujajulikana kuandika. Nikauliza walilisimikia nini.

"Mama, hapa kazi ni kupanguza, haiko kuuliza."

Ninyi mnaoanza leo kazi hii ya usafi mna mashine za kunyonya vumbi. Sisi jiwe tulilipiga brashi kutoka juu kwenda chini, bila maji wala sabuni, maana unyevu hupenya na kulipasua. Kulishika kwa mkono mtupu kulikuwa kosa la kufukuzisha kazi.

Nami nililishika. Kwetu Upare, nilivyolelewa na bibi, hupiti jiwe la matambiko bila kuliwekea kiganja na kusalimia. Asubuhi moja, kabla milango haijafunguliwa, mkono ulitangulia akili. Upande ulioelekea ukutani, usawa wa mtu aliyepiga magoti, ulikuwa laini kama mpini wa jembe kuukuu. Kwingine kote lilikwaruza.

Wiki nzima nilikuwa na hofu. Kusema ni kukiri; kunyamaza ni kuwaacha wageni walitazame jiwe kisogoni. Udadisi ukanishinda, nikamwendea mhifadhi mkuu, mzee wa Kiingereza asiye na maneno mengi, nikamwambia upande wa ukutani umelainika.

"Umejuaje?" akauliza.

"Kwa mkono. Bila glovu."

Alichuchumaa nyuma ya jiwe na kurunzi yake hadi magoti yakamgomea. Kisha akaniuliza habari za matambiko ya kwetu, nikamweleza ninayoyajua. Walichokiomba watu wa huku hatukukijua, si yeye wala mimi.

Sikufukuzwa, ila kesho yake nilihamishiwa vyooni. Sheria ni msumeno. Iliniuma, sitaficha, na nilisafisha huko hadi nilipostaafu.

Mwezi uliopita nilipanda treni kutoka Walthamstow ninakoishi, nikaingia kwa mlango wa wageni. Jiwe limegeuzwa. Kibao kinasema upande huo huenda ulilainishwa na mikono ya waliosali; aliyeugundua hatajwi. Nilisimama pale kwenye kamba, bado nikijiuliza waliomba nini. Mlinzi akanikumbusha kwa upole kwamba hairuhusiwi kugusa.

"Sina haja," nikamwambia. "Tulishasalimiana."