Breki ya Mkono Niliikaza

Kabla sijasema lolote, nijibu hili: pikapu inaweza kuelea majini? Fikiria vizuri, maana huku Kasongo jibu lolote ninalotoa linanitia hatiani. Nikisema inaelea, wananiambia, basi ulisahau kukaza breki ya mkono, gari ikateremka yenyewe, ikaelea mpaka katikati ya mto. Nikisema haielei, wananiambia, basi wewe ni mwongo, maana unadai uliiona ikielea. Nimechoka. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, saa nane za mchana, jua kali, na mimi pombe siijui.

Baba yangu alikufa Alhamisi jioni, nyumbani kwetu Kasongo. Alikuwa dereva maisha yake yote, na alituachia neno moja tu: azikwe Wamaza, kando ya mama yake mzazi. Usiku tulimwosha, tukamvika sanda, na kabla ya alfajiri nikamlaza kwenye jeneza nyuma ya pikapu yake mwenyewe. Ndugu zangu walitangulia kwa pikipiki kuchimba kaburi. Mimi niliendesha, na shemeji yangu Salumu, mume wa dada yangu, akakaa nyuma kushikilia jeneza. Nilikuwa na kazi moja, kumfikisha baba kaburini kabla jua halijazama.

Barabara hiyo isikie kwa wengine tu. Tulikwama kwenye matope mara tatu. Tulipofika mtoni, na jina la mto huo sitaki kulitamka, daraja la magogo lilikuwa limekwenda na mvua. Daraja likiondoka, gari huvushwa juu ya mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa mbao. Mitumbwi haikuwepo. Wavushaji hawakuwepo. Nilipiga honi mpaka mkono ukaniuma. Salumu akasema atapanda kando ya mto kuwatafuta, akaondoka.

Nikabaki na baba yangu juani. Unajua maana ya kukaa na maiti kwenye jua lile? Nililia kwa hasira, na sioni haya kusema.

Ndipo nikamwona mwanamke majini, maji yakimfika kiunoni, akitoa mihogo iliyoloweshwa. Sikuona alikotokea. Nikamwuliza wavushaji wako wapi. Alitoka majini akaja mpaka dirishani kwangu, na kitenge chake kilikuwa kikavu. Kikavu, nakuambia, hata pindo.

"Shuka, mutoto," akasema. "Mwenye anavuka anajua njia. Weye unyamaze tu, mupaka gari itagusa ng'ambo."

"Mama, hii ni pikapu! Iko chuma. Itaelea namna gani?"

"Nilikuuliza? Nimesema unyamaze."

Nilishuka kwa sababu moja tu: nigombane naye vizuri. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wanaponicheka. Breki ya mkono niliikaza. Meno yake niliyasikia yakilia. Niliweka na jiwe mbele ya gurudumu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilipoinua uso kumtafuta yule mwanamke, hakuna mtu. Nyuma yangu nikasikia injini inawaka, gia ya kwanza inaingia.

Pikapu ilipanda juu ya lile jiwe, ikalivuka, ikateremka polepole mpaka majini. Haikuzama. Maji yalifika kwenye vitasa vya milango, yakaishia hapo, na gari ikaenda mbele kwa utulivu, jeneza halitikisiki. Ndani hakukuwa na mtu. Lakini usukani ulikuwa unageuka, kidogo huku, kidogo huku, kama baba alivyokuwa akiushika kwa vidole viwili. Niamini. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, mkono wake ningeutambua popote.

Nilipaswa kufurahi. Nilipaswa kunyamaza. Lakini barabara zetu zinamtia mtu tabia. Kila penye matope au daraja bovu, mmoja hushuka akasimama mbele, akampigia dereva kelele: kushoto, kulia, simama, njoo. Miaka kumi na miwili nilimfanyia baba kazi hiyo, na kila siku tuligombana, maana hakupenda kuelekezwa. Sasa nikaona mwamba. Ulikuwa upande wa kulia, chini kidogo ya maji, na gari ilikuwa inauelekea. Zilibaki hatua kama kumi kufika ng'ambo.

Mdomo ukafunguka wenyewe. "Kushoto, Baba! Kushoto! Hauone?"

Pikapu ikasimama palepale. Unajua baba alikuwa anafanya nini kila nilipomkatia neno barabarani? Alizima gari, akakunja mikono, akasema, "Haya, endesha weye." Na hicho ndicho nilichokisikia, injini ikizimwa. Kisha maji yakaingia kwa madirisha yote kwa pamoja. Nilijitupa mtoni na nguo zangu. Salumu aliporudi na wavushaji, alinikuta nimeshika kamba tulizofungia jeneza, na jeneza lenyewe halipo.

Tulitafuta siku sita, mpaka mbali kule mto unakoelekea. Pikapu tuliitoa kiangazi, na breki ya mkono ilikuwa juu, imekazwa! Unadhani walisema nini? Walisema maji ndiyo yaliyoipandisha. Maji! Mwalimu mmoja akanichorea kwenye karatasi jinsi hewa iliyobanwa ndani inavyoweza kubeba gari dakika mbili tatu. Sawa, mwalimu. Na usukani, uligeuzwa na hewa? Kaburi la Wamaza halikuweza kuachwa wazi, kwa hiyo walilaza mgomba ndani wakaufukia. Ndugu zangu huenda pale kuusomea dua mgomba, wakirudi hawanisemeshi.

Mtu mmoja tu aliniamini, mama yangu, na afadhali asingeniamini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulimukatia neno?"

Nikasema ndiyo.

"Hata siku ile, mwanangu?"

Eda yake ilipaswa kwisha baada ya miezi minne na siku kumi. Huu ni mwaka wa tatu, na hajatoka ndani. Anasema mume wake bado yuko njiani, amekasirika tu, na hasira zake huwa ndefu. Mimi ndiye ninayempelekea chakula. Kila nikiingia anatazama kwanza nyuma yangu, mlangoni, ndipo anitazame mimi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, cheka ukitaka, lakini hili lishike. Siku ukimwona mtu wako anavuka, kwa chombo chochote kile, usimwelekeze. Ukiona anakosea, ng'ata ulimi mpaka utoke damu. Siku tulipoitoa pikapu nilipiga mbizi kuutafuta ule mwamba. Upo. Uko upande wa kulia, vilevile kama nilivyouona. Sikukosea hata kidogo, na baba yangu hana kaburi.