Dawa Kichwani mwa Mama

Miezi mitano Vidole hakugusa kichwa cha mtu. Jina hilo alipewa na wateja wa saluni kwa wepesi wa mikono yake, na tangu mkasa wa bi harusi hakuna aliyemwita hivyo tena isipokuwa mama yake, kwa ukaidi.

Bi harusi alikuwa amesema dawa ya nywele inawasha. Vidole, wateja wanne wanamngoja, akamjibu, "Vumilia, urembo una gharama zake." Alipokuja kumwosha, nywele zilitoka na maji, zikajaa beseni. Yule binti aliolewa amefunga kitambaa, na mpaka leo akipita sokoni amekifunga.

Mama alishamwambia yaliyopita si ndwele hadi maneno yenyewe yakachacha. Siku hizi alimtazama tu: anavyodonoa chakula, anavyofua nguo zisizo chafu. Jumamosi mwenye saluni akatuma ujumbe kwamba kiti chake kitamngoja mpaka Jumatatu. Asipofika, anakaa mwingine.

"Siendi," Vidole alisema. "Nikishika chanuo mkono unatetemeka."

Kesho yake mchana mama alirudi na kopo la dawa, akavuta kigoda uani, akavua kilemba.

"Haya. Nitengeneze."

"Mama, umri huu nywele laini za nini? Unaposwa?"

"Na nikiposwa nikuombe ruhusa?"

Vidole nusura acheke. Akavaa glavu, akampaka mafuta masikioni na pembeni mwa uso. "Hujajikuna kichwa?"

"Hata."

Alikuwa amejikuna. Usiku kucha, kwa mawazo, mpaka utosi ukachubuka, naye alijua fika kichwa kilichokunwa hakipakwi dawa. Mikono ya binti yake ilitetemeka kweli. Aliisikia kisogoni kama kuku aliyekamatwa.

Dawa ikaanza kuwasha utosini, kama upupu. Halafu kama kaa la moto. Mama akakaza mdomo, akahesabu vibanio kwenye kamba ya nguo. Akisema inawasha, mtoto huyu hatashika tena chanuo maisha yake yote.

"Inawasha?"

"Hapana. Endelea."

Vidole akaacha kupaka. Akazunguka mbele, akachuchumaa, akamtazama mama yake machoni. Yalikuwa yamejaa maji.

"Mbona unanidanganya, mama?"

"Kidogo tu, mwanangu. Navumilia."

"Usivumilie."

Alimwinamisha palepale, akammwagia ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, wala hakujali kwamba upande wa kushoto haujapakwa. Mikono ilifanya kazi haraka, na mama, macho kayafumba, alisikia kwamba haitetemeki.

Kichwa kilibaki kituko: upande umelala, upande umesimama. Utosi ulivimba, ukachonyota, lakini hakuna unywele ulionyofoka. Vidole aliupuliza kama anavyopulizwa mtoto aliyeanguka. Kisha akalia, si kidogo, na mama hakumnyamazisha.

Jumatatu aliondoka kabla ya chai bila kusema anakokwenda. Glavu alizoanika kambani hazikuwepo.

Mama akafunga kilemba, akaenda sokoni. Bi harusi yule alikuwa akichagua nyanya, kitambaa chake kichwani. Walisalimiana, vichwa vyao vyote viwili vimefunikwa, na mama akainama kando yake kuchagua nyanya.